Mtego wa Mbung'o Wenye Miguu Miwili

Saa nne asubuhi, na jua la Bonde la Lambwe limeshaanza kuchoma. Ratemo Monari anatembea mbele, polepole, kama mtu anayesindikiza jeneza. Mgongoni amefungiwa kitambaa cheusi, kipana kama blanketi la mtoto, kimekazwa kwa kamba mabegani na kiunoni. Hageuki nyuma.

Hatua tano nyuma yake anakuja Nicanor Obuya, wavu wa mkono begani, chupa mbili zikining'inia shingoni. Nyuma ya Nicanor anakuja mwandishi wa habari hii, mwenye viatu vya mjini na majuto mengi.

Kwenye nguzo yenye namba sita wanasimama. Inapita dakika moja, ya pili. Kisha mvumo mdogo unasikika kutoka kichakani na mbung'o wa kwanza anatua kwenye kitambaa cheusi. Anafuata wa pili, kisha watatu kwa pamoja. Nicanor anapitisha wavu mgongoni mwa mwenzake kwa mkono mwepesi na kuwatia chupani mmoja mmoja.

Mmoja ametua shingoni, juu ya kola, mahali ambapo wavu haufiki. Ratemo anajua yupo. Anamwacha amuume, kwa maana amri ya kazi hii ni kwamba mtu wa mbele hatikisiki, wadudu wasije wakatawanyika kabla ya kuhesabiwa.

"Inauma kama sindano ya daktari," anasema baadaye akijikuna. "Lakini ya daktari unalipa wewe. Hii nalipwa mimi."

Analipwa shilingi nne na nusu kwa siku.

Watu wengi wa Homa Bay hawajui kama kazi ya namna hii ipo. Wanajua tu kwamba bonde lile lina malale, ugonjwa wa kulala usingizi usioisha, na kwamba mbung'o ndiye anayeubeba. Miaka ya nyuma watu walikufa, wengine wakahama, na vichaka vikarudi kumiliki mashamba yao. Sasa, mwaka huu wa 1966, vichaka vinakatwa ili familia zirudishwe, lakini kabla ya mtu kurudi lazima ijulikane mbung'o wamebaki wangapi.

Ndipo anapohitajika Ratemo. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea, na Ratemo ndiye kitu chenyewe. Kila siku ya kazi yeye na Nicanor hupita njia ileile ya maili nne yenye nguzo thelathini, mmoja akiwa chambo na mwenzake akiwa mvuvi. Mwaka jana chupa zilijaa kabla ya nguzo ya kumi. Mwaka huu zipo siku wanafika mwisho na mbung'o arobaini tu.

Ratemo ana miaka thelathini na saba. Alizaliwa milimani, juu ya Rongo, kwa baba mwenye watoto wa kiume sita na shamba ambalo, likigawanywa sawasawa, fungu lake lingetosha mgomba mmoja na kaburi. Amechuma chai Kericho. Amebeba magunia kwenye gati la Homa Bay mpaka mgongo ukagoma. Mwaka 1962 akasikia kwamba wanatafutwa watu wasioogopa nzi.

Nicanor alikuja wiki hiyohiyo kutoka pwani ya ziwa, upande wa Mbita, baada ya mtumbwi wa familia kuvunjika. Walipangwa pamoja kwa sababu walisimama karibu kwenye foleni. Hawajatengana tangu siku hiyo.

"Miaka nne naangalia mgongo ya huyu mtu," anasema Nicanor. "Bibi yake hajaangalia namna hiyo. Mgongo yake nikiona kwa soko, hata bila uso, mimi nasema, omera, ndugu yangu, Ratemo ndiye huyo."

Kati ya nguzo ya kumi na saba na ya kumi na tisa njia yao inakatiza ndani ya mji wa watu.

Ni mji usio na mtu. Wajaluo huuita gunda, yaani boma lililoachwa. Kuta za udongo zimeanguka zikawa vichuguu, lakini ua wa minyaa ulioyazunguka makazi bado uko hai, umerefuka mara tatu ya mtu, na lango lake liko wazi. Njia ya kuhesabia mbung'o inaingia kwa lango hilo na kutokea upande wa pili. Waliokuwa wakikaa humo walikwisha kwa malale, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho hakupata wa kumzika.

Siku ya kwanza mwandishi alipita humo peke yake. Alikuwa amekaa chini kutoa mwiba kwenye soli na wenzake wakatangulia. Ni saa sita mchana, jua liko utosini, hakuna kivuli cha kumtisha mtu mzima. Hata hivyo nywele zilimsimama. Njiwa waliokuwa wakilia njia nzima walinyamaza kwenye lango, wote kwa pamoja. Jiwe la kusagia lilikuwa bado limelala karibu na palipokuwa mlango, safi, halina jani wala vumbi. Mwandishi hakukimbia, ila alitembea kwa namna ambayo hangetaka mkewe aione.

Alipowafikia, Nicanor alimtazama kwa makini. "Bwana Gazeti, ulisalimu?"

"Nani?"

"Mwenye boma. Mimi nikifika kwa lango nasema, 'Wuon dala, wakadho akadha.' Mwenye mji, tunapita tu. Usipite kwa lango ya mtu kama ng'ombe."

Mwandishi alidanganya kwamba alisalimu.

Ratemo ni Msabato na hapo mwanzo alimcheka mwenzake kwa salamu hizo. Sasa hacheki. Mchana huo, kwenye nguzo ya mwisho, Nicanor alipokwenda kukabidhi chupa kwa nyapara, Ratemo alifungua ugali wake kwenye jani la mgomba, akamega tonge, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini.

"Nataka kukuambia kitu, lakini usimwambie nyapara," alisema. "Nicanor ni mgonjwa. Ana malale."

Alisema ameliona jambo hilo kwa wiki tatu. Siku moja walitoka gundani kama kawaida. Akatembea hadi nguzo ya ishirini, ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili. Muda wote alisikia hatua za Nicanor nyuma yake na wavu ukipita mgongoni, swii, swii. Kwenye nguzo ya ishirini na mbili akamuuliza jambo, asijibiwe. Akavunja amri, akageuka.

"Hapakuwa na mtu. Njia tupu, mpaka kule. Nikarudi mbio. Nikamkuta langoni, amesimama wima, macho wazi, analala. Sasa niambie wewe uliyesoma. Ni nani alikuwa anatembea nyuma yangu?"

Mwandishi aliuliza kama kitambaa kilikuwa kimejaa mbung'o, maana kilikuwa kimetembea nguzo kadhaa bila mvuvi.

"Hilo ndilo linanisumbua," alisema Ratemo. "Hakikuwa na hata mmoja. Kilikuwa safi, kama mtu ametoka kukipangusa."

Mbona hajamwambia nyapara? Ratemo alitazama tonge lake. Alisema ameona watu watatu wakipakiwa kwenye lori wakiwa wamelala, na hajaona hata mmoja akirudi kwa miguu yake. Hangekuwa yeye wa kumpakia Nicanor. Baada ya hapo mkono wenye tonge ukabaki hewani, nusu ya safari kwenda kinywani, kwa muda ambao mwandishi aliudhania kuwa wa huzuni.

Jioni, kabla ya jua kuzama, Nicanor alimsindikiza mwandishi kwenye kijito kunawa. Akachagua jiwe, akakaa, akatazama huku na huku.

"Bwana Gazeti, unajua huyu rafiki yangu ni mgonjwa?"

Mwandishi alidhani amesikia vibaya. Nicanor akaendelea. Wiki tatu zilizopita walifika langoni pa gunda, yeye akasalimu, kisha Ratemo akasimama na asiendelee tena. Alisimama karibu saa nzima, macho wazi, amelala.

"Mimi nilifanya nini? Maugo, hawa mbung'o, wanakuja kwa mgongo yake, wengi. Nikakaa nyuma yake nafukuza, natoa, natoa na wavu, mpaka kitambaa ikabaki safi. Akiamka ananiangalia vibaya, ananiambia, 'Nicanor, ulikuwa umelala.'" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nikasema pole. Ningesema nini?"

Hivyo ndivyo mwandishi alivyojikuta na siri mbili za siku moja, kutoka kwa watu wawili wanaopendana, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyelala. Mmoja wao alikuwa anakufa. Malale ya bonde lile hayangoji mwaka, na yakishafika kichwani sindano hupata kazi kubwa ya kuyatoa.

Kwenye kambi ya wafanyakazi, Nyanchama, mke wa Ratemo, alikuwa akichambua mboga. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Aliulizwa habari za mumewe akajibu bila kuinua uso.

"Usiku anazunguka nyumbani kama askari wa zamu. Mchana analala. Sabato iliyopita alilala kanisani, mzee wa kanisa akamgusa kwa fimbo kidogo tu, akapiga kelele kama ameunguzwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, baba."

"Umemwambia aende hospitali?"

"Nimemwambia. Ananijibu kwamba mgonjwa ni Nicanor." Sasa akainua uso. "Na mimi nimemwangalia Nicanor. Yeye pia macho yake siyapendi."

Siku ya pili mwandishi aliwafuata kwa karibu, saa yake ya mkononi akiitazama kila baada ya nguzo. Walifika langoni saa sita kasoro dakika tano. Njiwa wakanyamaza. Nicanor akasema salamu zake. Ratemo akasimama.

Mwanzoni hapakuwa na cha ajabu. Halafu mwandishi akatazama miguu. Ratemo alikuwa anatembea. Alikuwa ananyanyua mguu na kuushusha palepale, wa kulia, wa kushoto, kwa mwendo uleule wa siku zote, vumbi jekundu likimpanda magotini, na hakusogea hata shubiri moja. Macho yake yalikuwa wazi na yalitazama mbele, kwenye njia ambayo wenzake hawakuwa wakipita. Mbung'o wanne walikuwa shingoni mwake.

Nicanor alimzunguka taratibu na wavu. Swii, swii. Hakumwita wala hakumgusa.

"Mwamshe!" mwandishi alinong'ona.

"Hapana. Jina ya mtu haiitwi hapa. Wenye boma wakisikia watashika hiyo jina, watamwita kesho. Dani alituambia hivyo tukiwa wadogo," alisema Nicanor, akimkumbuka nyanya yake. "Na nikigusa yeye analia na maumivu. Basi nafanya ile kazi najua."

Kwa hiyo kwa wiki tatu, kila ilipotokea, mtu mwema alimwacha rafiki yake asimame kwenye kiota cha mbung'o kwa kuogopa kutaja jina lake. Na kwa kuwa alisimama naye, aliumwa naye. Mwandishi alisikia hasira, kisha akaona haya, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kupaza sauti mahali pale.

Dakika kumi na moja zilipita. Mwandishi akaita. "Ratemo!"

Sauti ilizunguka ndani ya ua wa minyaa na kurudi ikiwa nyembamba, kama imesemwa na mwingine. Miguu ikasimama. Ratemo aligeuka taratibu, akampita mwandishi kwa macho, akamtazama Nicanor kwa huruma kubwa.

"Umelala tena, ndugu yangu," alisema. "Nilishafika nguzo ya ishirini na mbili. Nimerudi kukutafuta."

Mwandishi alimwonyesha saa. Alimwonyesha vumbi magotini na alama za nyayo zake mwenyewe, mbili tu, zilizochimbika kama mashimo ya mtu anayetwanga. Ratemo alizitazama, akatikisa kichwa. Hizo ni za Nicanor, alisema, kwa utulivu wa mtu anayemwelewesha mtoto. Hakuna maneno yaliyomwingia.

Aliyetatua jambo ni Nicanor. Alitua chupa chini, akavua kofia.

"Ni kweli, Ratemo," alisema. "Mimi ndiye mgonjwa. Nimeogopa kusema. Nipeleke hospitali, lakini sitaki kwenda peke yangu. Na wakinidunga, wakudunge wewe pia, nisione haya."

Ratemo alimkumbatia, na alipoguswa mgongo machozi yalimtoka kwa maumivu, mwenyewe akadhani ni ya huruma. Kesho yake asubuhi walipanda lori la kambi, Nyanchama kando yao, kwenda Homa Bay. Njia nzima Ratemo alimshika Nicanor mkono na kumwambia asiogope, kisha kabla ya mji kuonekana akalala begani kwake.

Paul Masese, mpimaji wa damu, aliwatoboa wote wawili vidole na kuvipeleka vioo vyao kwenye hadubini. Nicanor alikaa kwenye benchi akitabasamu na kumkonyeza mwandishi, kama mtu aliyefanikiwa kumdanganya mtoto anywe dawa. Paul alirudi baada ya nusu saa. Hakuwa anatabasamu.

"Monari anayo, tena imekaa sana. Itabidi tuchukue maji ya uti wa mgongo," alisema. Akageuza karatasi. "Na Obuya anayo."

"Mimi nilikuja kumsindikiza," alisema Nicanor.

"Hata hivyo unayo. Vijidudu vimo kwenye damu, vinaogelea kama omena ziwani. Nimeangalia mara mbili."

Uso wa Nicanor ulibadilika, na mwandishi aliogopa kuliko alivyoogopa gundani, kwa sababu alijua Nicanor anafikiria nini. Alikuwa anairudia siku ile, wiki tatu nyuma, nguzo kwa nguzo.

"Basi siku ile," aliuliza hatimaye, "ni nani alisimama kwa lango?"

Inawezekana Ratemo aliota kwamba alitembea. Inawezekana pia Nicanor aliota kwamba alifukuza mbung'o. Inawezekana walisimama wote wawili, macho wazi, saa nzima, kila mmoja akimlinda mwenzake ndotoni. Paul, ambaye kazi yake ni vioo, alisema lililo hakika. Kwa Nicanor ugonjwa ulikuwa bado kwenye damu tu, sindano zingeutoa bila taabu kubwa. Kwa Ratemo ulikuwa umeshapanda kichwani.

"Angechelewa mwezi mmoja tungempokea amelala kabisa," alisema Paul. "Na huyu mwingine asingekuja hata kidogo, kwa kuwa hajisikii kuumwa. Kila mmoja kaletwa na mwenzake."

Hayo yalikuwa wiki tano zilizopita. Walilazwa wodi moja, vitanda vikitazamana. Nicanor amemaliza sindano zake na ameambiwa aende nyumbani, lakini kila siku anarudi na kukaa kwenye kiti cha wageni. Za Ratemo zilimchoma mishipa, zikamtapisha, zikamfanya aseme kwa Kikisii na watu ambao Nyanchama aliapa kwamba hawamo chumbani. Kuna siku mbili ambazo wauguzi hawakutaka kuzizungumzia. Amekonda, lakini sasa tonge likianza safari linafika.

Usiku wa Jumanne alilala mpaka asubuhi. Nyanchama anajua kwa sababu alikesha kumtazama.

Ratemo bado anasisitiza kwamba alifika nguzo ya ishirini na mbili. Habishani tena, anasema tu. Akitoka hataki kurudi bondeni. Mvua za vuli zikianza anataka awe kwao, milimani, kwenye lile fungu lake dogo, apande mahindi na wimbi mpaka ukingoni kwa jirani. Nyanchama ameshaazima jembe la pili.

"Nataka kufanya kazi mchana na kulala usiku kama watu," anasema. "Nikipata hiyo, sitaomba kitu kingine."

Nicanor yuko kitini, kofia magotini. Nyapara amemletea ujumbe kwamba nafasi yake bado ipo na kwamba amepatikana mtu mpya wa kubeba kitambaa, kijana mwenye nguvu kutoka Rongo. Aliulizwa kama atakwenda.

Aliufikiria mgongo wa Ratemo uliokuwa umeegemea mto, umebaki mifupa, alama za mbung'o zikiwa zimefifia shingoni.

"Nguvu anayo, nimesikia," alisema. "Lakini huyo mtu mimi simjui. Sijui akilala analala namna gani."